Mapenzi kwa Nakala Tatu

"Tangazo kwa wafanyakazi wote. Uongozi wa kampuni, baada ya kutafakari kwa mapana, kwa marefu na kwa kina, unapenda kuwajulisha kwamba kuanzia leo Jumatatu hakuna mfanyakazi yeyote, wa cheo chochote, atakayempenda mfanyakazi mwenzake bila kujaza fomu. Fomu itajazwa kwa nakala tatu, kwa wino mweusi, kwa herufi kubwa. Mapenzi ya penseli hayatapokelewa."

Tangazo hilo zito lilibandikwa ubaoni saa mbili kamili asubuhi, likadumu ukutani dakika nne. Gundi ya ofisi ilikuwa imeisha, kwa hiyo lilishikiliwa na chingamu. Chingamu ikachoka, karatasi ikadondoka, upepo wa feni ukaisukuma hadi chini ya mlango wa choo cha wanaume, na huko ndiko ilikosomwa na watu wengi, tena kwa utulivu, kuliko tangazo lolote lililowahi kutolewa na kampuni ile.

Mwandishi wake alikuwa Mkuu wa Utumishi na Maadili, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mrefu, aliyenyooka kama rula. Mbele yake watu walimwita Madam. Nyuma yake walimwita Bi Nidhamu, na yeye alijua, na moyoni alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Sasa ni lazima ieleweke kwamba kampuni yenyewe ilitengeneza magodoro. Chini kulikuwa na kiwanda, ambako sponji ilikatwa na vitambaa vikashonwa. Juu yake kulikuwa na ukumbi wa maonyesho wenye vitanda arobaini vilivyotandikwa shuka safi kila asubuhi, na mito imesimamishwa wima kama inasubiri wageni. Juu kabisa ndiko zilikokuwa ofisi. Na nje ya jengo, kwenye bango kubwa kuliko nyumba ya kawaida, mwanamume na mwanamke walikuwa wamejilaza ubavu kwa ubavu wakitabasamu kwa namna iliyowafanya wapita njia wajikwae. Maandishi yalisema: "Jipeni raha mnayostahili." Chini ya bango hilohilo, kwa amri ya Bi Nidhamu, wafanyakazi walikuwa wamekatazwa kukumbatiana kwa zaidi ya sekunde mbili. Alikuwa na saa ya kuhesabia, ile ya walimu wa michezo, akiivaa shingoni kwa kamba.

Alikuwa pia na siri, na siri hiyo ilikuwa mume.

Mume huyo alikuwa mpima magodoro, na kiwandani walimwita Bwana Usingizi. Kazi yake ilikuwa kulala. Kila godoro la kumi lililotoka kwa washonaji aliletewa yeye, alivua viatu, akajilaza dakika kumi chali, dakika kumi ubavu, akaamka, akaandika: "Linabonyea kiunoni," au "Zuri, nimeota niko harusini." Alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, asiye na haraka ya jambo lolote duniani, na Bi Nidhamu alimpenda kwa namna ambayo fomu yoyote isingeitosha.

Walikuwa wameoana miezi kumi na mmoja iliyopita, siku ya Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, kwa msajili wa ndoa. Sheria ya zamani ya kampuni ilisema wafanyakazi wawili wakioana, mmoja aondoke. Kwa hiyo baada ya kutia sahihi walirudi kazini kila mtu kivyake, yeye kwa mlango wa mbele, mume kwa mlango wa mizigo. Bwana Usingizi alichelewa dakika nane. Jioni ile, siku ya ndoa yake, alipokea barua ya onyo kutoka kwa mke wake.

Na sasa ilikuja fomu. Ilitoka kichwani mwa Mkurugenzi, ambaye alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa wakurugenzi wenzake akarudi na mkoba wa bure, kalamu sita na wazo moja. Kampuni za kisasa, alisema, hazifichi mapenzi, zinayasajili. Alimwagiza Bi Nidhamu aandike kanuni. Bi Nidhamu akaandika kanuni kumi na mbili. Ya tatu iliamuru milango yote ya ofisi iwe wazi kabisa watu zaidi ya mmoja wakiwa ndani. Ya saba ilisema kwamba, kwa kuwa Jumamosi jengo huwa nusu tupu na ukumbi wa vitanda huwa hauna mtu, wapenzi waliojitangaza hawatapangwa zamu moja ya Jumamosi. Mmoja atafanya kazi wiki hii, mwenzake wiki ijayo. Ya tisa ilitoa msamaha kwa kila atakayejitangaza kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Na ya kumi na mbili ilimtaka msimamizi wa fomu aape kwa maandishi kwamba yeye mwenyewe hana chochote cha kutangaza, na akibainika amesema uongo afukuzwe siku hiyohiyo.

Aliapa Jumatatu saa nne asubuhi. Sahihi ilitoka imenyooka. Ni sikio tu la kushoto lililokuwa likimwasha.

Jioni ile, mezani nyumbani, mumewe alisukuma sahani pembeni, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

"Mke wangu, leo nimesoma tangazo lako."

"Umelisomea wapi? Ubaoni halipo."

"Chooni. Nimelisoma mara mbili, kulikuwa na foleni." Akajifuta mdomo. "Msamaha upo. Kifungu cha tisa. Kwa nini tusijaze tukapumua?"

"Msamaha ni wa wafanyakazi. Mimi ndiye mwenye fomu. Nimeapa."

"Umeapa nini?"

"Kwamba sina mtu."

Bwana Usingizi alijitazama tumboni, kana kwamba anahakikisha bado yupo.

"Usinitazame hivyo," Bi Nidhamu alisema, ingawa hakuwa ametazamwa yeye. "Nitaanzaje? Wiki iliyopita tu nimempa onyo binti wa mapokezi kwa kucheka na dereva kwa sauti ya kimapenzi."

"Sauti ya kimapenzi ikoje?"

"Ilikuwa ndefu."

"Mimi nikicheka na wewe hapa ndani, inakuwa fupi?"

Mumewe aliinuka, akafungua kabati, akatoa sanduku la chuma la spana, akaliweka mezani katikati ya sahani. Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akiingia na kutoka kwenye jengo la kupanga walimoishi na sanduku hilo mkononi, ili jirani yeyote anayefahamiana na mtu wa kampuni asishtuke.

"Jirani wa chini kaniuliza leo nitamzibulia sinki lini. Yule wa ghorofa ya tatu nimeshamzibulia mara mbili. Jengo zima linajua kwamba wewe una fundi bomba mwaminifu sana, anayekuja kila jioni na kuondoka kila asubuhi. Wanakuhurumia kwa mabomba yako."

"Mume wangu..."

"Ngoja nimalize. Mimi si mtu wa maneno mengi, kazi yangu ni kulala. Lakini mpaka Ijumaa saa kumi na moja, uniandike. Ukiniandika, mimi ni mume wako, hata tukifukuzwa wote wawili tukauze maandazi. Usiponiandika, basi mimi ni fundi bomba, na fundi bomba jioni hurudi kwake."

Akachukua sanduku lake, akaenda kulala sebuleni, kwenye kochi ambalo kitaalamu alilijua kuwa baya sana kwa kiuno.

Jumanne asubuhi Bi Nidhamu alikaa nyuma ya meza yake, mlango wazi, fomu mia mbili mbele yake, akisubiri wenye dhambi. Alitarajia watatu. Labda wanne, kama dereva na binti wa mapokezi wangekuwa waungwana.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Chai, mpika chai wa kampuni, mwanamke wa miaka hamsini na minane mwenye wajukuu saba. Alikuwa amemshika mkono Mzee wa Stoo, mtu wa makamo yake, ambaye alionekana kama ameletwa kituo cha polisi.

"Shikamoo, Mama," alisema Bi Nidhamu. "Chai bado mapema."

"Marahaba, mwanangu. Sijaleta chai. Nimeleta mpenzi."

Mzee wa Stoo alikohoa.

"Mama, wewe una mume nyumbani," Bi Nidhamu alisema. "Nilikuja kumwona alipovunjika mguu."

"Ninaye, na anakusalimu. Huyo ni wa nyumbani. Fomu inauliza wa kazini." Akavuta kiti, akakaa. "Niandikie hapo. Sababu za kupendana: ana mwavuli."

"Mama Chai!"

"Imeandikwa sababu moja inatosha. Au mvua hujawahi kuiona?"

Kilichokuwa kimetokea ni hiki. Kwa miaka yote ya uhai wa kampuni, kila mfanyakazi alifanya kazi kila Jumamosi, na maombi ya kupumzika yalikuwa yamekataliwa na wakurugenzi watatu mfululizo. Mama Chai, ambaye alisoma kila karatasi aliyofungia chapati za watu, alikuwa amesoma kifungu cha saba kwa makini kuliko aliyekiandika. Mwenye mpenzi anapumzika Jumamosi moja na kufanya kazi Jumamosi moja. Asiye na mpenzi anafanya kazi zote. Alikunja karatasi, akapita kiwandani na birika lake, na kila kikombe alichomimina alikimimina na maelezo.

Kufikia saa saba mchana kantini iligeuka soko.

"Wewe una mtu?"

"Nina mke."

"Si huko. Hapa."

"Hapa sina."

"Basi tuandikane, lakini ujue mimi nataka Jumamosi ya kwanza, nina harusi ya shemeji."

"Mbona unaanza masharti kabla ya mapenzi?"

"Ndugu yangu, mapenzi ndiyo masharti. Tia sahihi."

Walinzi wawili wa langoni, ambao hawakuwa wamesemezana miaka mitatu kwa sababu ya redio, waliingia kwa Bi Nidhamu wakitazama pande mbili tofauti na kutangaza kwamba wanapendana. Mkata sponji aliandikwa na wanawake wawili, ikabidi achague, na yule aliyeachwa alilia machozi ya kweli kwa ajili ya Jumamosi yake. Mwanamke mmoja wa idara ya mauzo alisema mumewe ndiye aliyemwamsha mapema ili awahi foleni: "Kaniambia, mke wangu, tafuta mtu mzuri kabla hawajaisha." Dereva na binti wa mapokezi, ambao ndio pekee waliokuwa na jambo la kweli, walijaza fomu yao kimyakimya kwenye pembe, na hakuna aliyewashangaa tena.

Bi Nidhamu aliandika, akagonga mhuri, akaandika. Jumatano saa ya kuhesabia ilimdondoka shingoni asiiokote. Karibu kila fomu iliyopita mbele yake ilikuwa ya uongo, na kila moja ilikuwa na majina mawili yaliyokaa pamoja kwenye mstari mmoja, bila woga, kwa herufi kubwa. Yeye ndiye aliyekuwa na la kweli, na lake lilikuwa limelala kwenye kochi.

Alhamisi jioni alipeleka hesabu kwa Mkurugenzi: kati ya wafanyakazi sitini na wawili, hamsini na wanane walikuwa wanapendana.

Mkurugenzi alivua miwani. Alikuwa mtu mfupi mwenye suti kubwa, aliyeamini kwamba anapendwa na wafanyakazi na anaheshimiwa na meza yake.

"Hamsini na wanane! Chini ya paa langu! Wanapata muda gani wa kutengeneza magodoro?"

"Bosi, nadhani wengi wao..."

"Nimewaambia wakurugenzi wenzangu kampuni yangu ni safi! Nimewaambia watapatikana wawili, watatu!" Alizunguka meza mara mbili. Kisha akasimama, akatazama dirishani, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Hakuna aliyeniandika mimi?"

"Hapana, Bosi."

"Nauliza tu kwa ajili ya rekodi." Akavaa miwani. "Ni uongo huu. Kesho tutakaa kamati. Mimi, wewe na Mwanasheria. Waje wawili wawili, tuwahoji. Mapenzi ya kweli yanajulikana. Andaa maswali ambayo mpenzi wa kweli hawezi kushindwa."

Bi Nidhamu alikwenda kuandaa maswali. Aliketi mbele ya karatasi tupu muda mrefu, kisha yakaja yenyewe, moja baada ya jingine, kwa sababu alikuwa akimfikiria mtu mmoja: Mwenzako analala upande gani wa kitanda? Anakoroma? Anaogopa nini? Jioni akichoka, anafanya nini? Alipoyasoma tena alifuta macho, akasingizia vumbi.

Ijumaa kamati ilikaa tangu saa tatu. Mlango ulikuwa wazi kabisa kwa mujibu wa kifungu cha tatu, na foleni ya wapenzi ilijaa korido yote hadi ngazini, ikisikia kila neno. Mwanasheria wa kampuni alikuwa kijana aliyemaliza chuo mwaka ule, aliyeandika kila kilichosemwa, hata kikohozi. Waliohojiwa walifeli kwa furaha. Mzee wa Stoo, alipoulizwa Mama Chai anaogopa nini, alijibu, "Mimi ndiye ninayemwogopa," na foleni ikapiga makofi. Mlinzi wa kwanza, alipoulizwa mwenzake jioni hufanya nini, alisema, "Hufungua redio yangu," na wakaanza ugomvi wao upya palepale, safari hii kwa maneno, jambo ambalo wote walilihesabu kuwa maendeleo.

Saa kumi na nusu jioni Mwanasheria akaita jozi iliyofuata.

Aliingia Mama Pacha, mshonaji wa mishono ya pembeni, mwanamke mchangamfu, mjane, ambaye watoto wake pacha walicheza mpira shuleni kila Jumamosi naye hakuwa amewahi kuwaona hata mara moja wakifunga bao. Nyuma yake, kwa soksi, kwa sababu alikuwa ametolewa kazini kitandani, aliingia Bwana Usingizi.

Bi Nidhamu aliitazama fomu. Ilipokelewa asubuhi ile na Mwanasheria, yeye akiwa kwa Mkurugenzi. Majina mawili, herufi kubwa, wino mweusi. Sababu za kupendana: "Ni mtu mwema."

"Haya," Mkurugenzi alisema. "Mama, mwenzako huyu analala upande gani?"

"Kulia," Mama Pacha alijibu bila kusita.

Kalamu ya Bi Nidhamu ilisimama. Bwana Usingizi alitazama dari kwa utulivu mkubwa.

"Anakoroma?"

"Eeh! Anakoroma kama lori linalopanda mlima. Mimi huziba masikio kwa sponji ya kiwandani."

"Hakoromi," alisema Bi Nidhamu.

Mkurugenzi akageuka. Mwanasheria akaacha kuandika. Bi Nidhamu alijikohoza.

"Namaanisha, kitaalamu. Mpima magodoro hulala saa za kazi. Tungesikia."

"Ni kweli, tungesikia," alikubali Mkurugenzi. "Endelea, Mama. Anaogopa nini?"

"Huyu? Haogopi kitu. Dume zima hili!"

"Nondo," Bi Nidhamu alinong'ona kwenye karatasi zake.

"Umesemaje, Madam?" aliuliza Mwanasheria, kalamu tayari.

"Sijasema kitu."

"Nimesikia 'nondo'. Nondo za kujengea au wale wadudu?"

"Wadudu," alisema Bwana Usingizi kwa upole, bado akitazama dari. "Wanapiga mbawa."

Kwenye korido foleni ilikuwa imeacha kujikuna. Mama Chai, aliyekuwa amerudi na birika kwa kisingizio cha kukusanya vikombe, aliweka birika chini.

Mama Pacha hakugundua lolote; alikuwa na Jumamosi yake machoni. Aliona swali la mwisho ndilo la kumwokoa, akaamua kulijibu kwa moyo wote. Akaweka mkono begani kwa Bwana Usingizi, akaegemea kidogo.

"Jioni akichoka, anafanya nini?" alisoma Mkurugenzi.

"Jioni, Bosi wangu, hata achoke vipi, huyu ananikalisha kwenye kiti, ananivua viatu, ananikanda miguu. Moja moja. Mpaka vidole."

Haijulikani Mama Pacha alilitoa wapi jibu hilo. Huenda kila mwanamke anayeshona amesimama kutwa huwa nalo moyoni. Lakini lilikuwa kweli tupu, ila la mtu mwingine.

Bi Nidhamu alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Hiyo ni miguu yangu!"

Mwanasheria alinyanyua kidole kama mwanafunzi.

"Madam, hiyo niiandike?"

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na dakika arobaini. Bwana Usingizi aliteremsha macho kutoka darini, akamtazama mke wake, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote aliyofanya kazi pale, alionekana macho kabisa.

"Kwa ajili ya rekodi, Madam," alisema. "Mimi ni nani?"

Kulikuwa na majibu mengi. Bi Nidhamu angeweza kusema mpima magodoro. Angeweza kusema amechanganyikiwa na joto, na watu wangemwamini, maana alikuwa hajawahi kuchanganyikiwa. Alitazama mlango ulio wazi kwa amri yake, akaona vichwa arobaini vimepangana hadi kizingitini kama mafungu ya nyanya. Akamtazama mtu aliyesimama kwa soksi, moja imetoboka kidole gumba, na kitobo hicho alikuwa amekusudia kukishona tangu Jumatatu.

"Ni mume wangu," alisema Bi Nidhamu. "Miezi kumi na mmoja sasa. Na analala kushoto."

Kelele iliyotoka kwenye korido ilishusha vumbi kutoka kwenye taa. Mama Chai alipiga vigelegele mpaka walinzi wakakimbia kuangalia lango. Mama Pacha aliruka mbali na Bwana Usingizi kana kwamba amegusa pasi ya moto.

"Jamani, Madam, nisamehe! Nilimwomba tu kwa ajili ya watoto! Hajanigusa hata kidole, cha mguu wala cha mkono!"

"Kaa, Mama. Jumamosi yako unayo," alisema Bi Nidhamu, na akashangaa kusikia sauti yake inacheka. Ilikuwa sauti ndefu.

Mkurugenzi ndiye pekee aliyebaki ameketi. "Kiapo!" alisema. "Uliapa! Kifungu cha kumi na mbili! Mwanasheria, msomee afukuzwe!"

Mwanasheria alifungua kanuni, akalamba kidole, akasoma polepole.

"Bosi, kuna kifungu cha tisa. Kinasema mfanyakazi yeyote atakayejitangaza kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni atasamehewa uhusiano wenyewe pamoja na kosa lolote lililofanywa kwa ajili ya kuuficha. Kuapa uongo ni kuficha. Na Madam ni mfanyakazi. Anakatwa kodi kama sisi."

"Nani aliyeandika upuuzi huo?"

"Madam. Na wewe ukatia sahihi, Bosi, kila ukurasa."

Mkurugenzi alizitazama sahihi zake. Zilikuwa nzuri, zenye mkia.

"Na hawa hamsini na wanane?"

"Fomu haisemi popote kwamba wapendane sana," alisema Mwanasheria. "Wamejitangaza, wana Jumamosi zao."

Korido ilishangilia tena, na Mwanasheria, ambaye hakuwahi kushangiliwa maishani, aliona haya akaendelea kusoma kwa haraka. "Isipokuwa kuna sharti, Madam. Kinasamehewa kilichotajwa tu. Usichokitaja kabla ya saa kumi na moja hakisamehewi. Zimebaki dakika kumi na sita."

Bi Nidhamu aliinua kiti chake, akakaa. Bwana Usingizi alikuja akasimama nyuma yake, akamwekea mikono mabegani. Ilikuwa zaidi ya sekunde mbili. Akavuta fomu, akaandika majina yao mawili kwa herufi kubwa, na alipofika kwenye sababu za kupendana akaandika hadi mstari ukaisha, akageuza karatasi akaendelea nyuma.

Kisha akaanza kukiri, na Mwanasheria akaandika mpaka mkono ukamuuma.

Alikiri barua ya onyo ya siku ya ndoa, akaifuta. Alikiri kwamba godoro la majaribio lililopotea mwezi wa pili liko kwao chumbani, na ni zuri. Alikiri mabomba ya jirani. Alikiri kwamba ile semina ya maadili ya siku nne, ufukweni, ambayo kampuni ilimpa ruhusa, haikuwa semina.

"Ilikuwa nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Fungate, Bosi."

"Lakini ulileta cheti! Nimekitundika ukutani kwangu, wageni wanakisifu!"

"Nilikichapa mwenyewe, masjala."

"Na picha ya washiriki? Yule mzee mwenye sura ya profesa?"

"Mpishi wa hoteli."

Kwenye korido mtu alikaa chini kwa kicheko na hakuinuka tena. Mkurugenzi alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Pembe moja ya mdomo ilimtoroka, kisha ya pili ikaifuata.

"Zimebaki dakika mbili, Madam," alisema Mwanasheria. "Kuna lingine?"

Bi Nidhamu alitazama juu, kwa mumewe. Bwana Usingizi alitikisa kichwa kumkataza, masikio yamemwiva. Lakini mwanamke yule alikuwa mtu wa kufuata kanuni, na kanuni ilikuwa wazi.

"Lipo moja, Bosi. Kile kitanda namba kumi na saba, ukumbini."

"Kilichovunjika mguu? Kile kilichonifanya nimwandikie muuza mbao barua mbili za matusi, na ya tatu nikampelekea wakili?"

"Hichohicho."

"Kimefanyaje?"

"Mbao zake," alisema Bi Nidhamu, amenyooka kama rula, "hazikuwa na kosa lolote."